Ruzuku Haina Stara ya Sadaka

Wakristo na Waislamu wa Afrika Mashariki wamelelewa katika adabu moja ya kutoa: anayetoa asijitangaze, anayepokea astiriwe. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anataka mkono wa kushoto usijue linalotendwa na wa kulia. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, haikatazi sadaka ya hadharani, lakini inaona bora zaidi ile inayomfikia fukara kwa siri. Je, mkulima anayepokea ruzuku ya serikali anastahili stara hiyo?

Swali hili liliwahi kufika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Walalamikaji walikuwa mkulima mmoja na shamba moja la ubia kutoka jimbo la Hessen, Ujerumani. Hawakupenda kuona majina yao, maeneo wanakoishi na fedha walizolipwa yamewekwa kwenye intaneti. Novemba 9, 2010, mahakama iliwaunga mkono kwa sehemu: wananchi wana haki ya kujua kodi yao inakwenda wapi, lakini kutangaza majina ya watu binafsi wote bila kujali nani kapata kingi na nani kidogo ni kupita kiasi. Mwaka 2013 sheria ikaandikwa upya. Majina yakarudi hadharani, ila wanaopata fedha kidogo, kiwango kisichozidi euro 1,250 kwa mwaka, wakafichwa.

Mwanafalsafa Immanuel Kant alishaweka kipimo mwaka 1795: tendo linalogusa haki za wengine, ambalo haliwezi kufanyika likitangazwa, si la haki. Kipimo hicho hakihitaji kwenda Ulaya kujaribiwa.

Tanzania iligawa vocha za pembejeo kuanzia msimu wa 2008/09. Kaya iliyoteuliwa ilipata vocha za mbolea ya kupandia, ya kukuzia na mbegu bora, za kutosha ekari moja ya mahindi au mpunga. Mkulima alikwenda kwa wakala, akaongeza fedha yake, takriban nusu ya bei, akatia saini na kubeba mfuko. Wakala akaipeleka vocha benki kulipwa. Wateule walipendekezwa na kamati ya vocha ya kijiji, na orodha ilitakiwa kupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwenye karatasi, utaratibu haukuwa na kasoro. Lakini watafiti Lihong Pan na Luc Christiaensen, walipochunguza vijiji vya Kilimanjaro, walikuta takriban asilimia 60 ya vocha zimeangukia kwa viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vile vyenye pengo kubwa la kipato.

Hapo ndipo hoja ya stara inapoanguka. Sadaka hutoka mfukoni mwa mtoaji, naye ana hiari ya kunyamaza. Ruzuku ni amana: fedha ya muuza nyanya anayelipa ushuru wa soko, na ya mwalimu anayekatwa kodi kila mwezi. Wala kuipokea si aibu. Vocha ile haikuwa cheti cha ufukara, maana asiyeweza kuchangia nusu ya bei hakuweza kuitumia. Siri ilimlinda nani basi, kama si aliyejipendelea?

Yapo ya kusitiriwa, na ni haki: namba ya simu, akaunti ya benki, ramani ya shamba la mjane anayeishi peke yake. Jina, idadi ya mifuko na msimu havimo.

Agosti 8, 2022, ruzuku ya mbolea ilizinduliwa upya Mbeya, safari hii kwa daftari la wakulima na namba ya usajili. Kumbukumbu za nani kachukua nini sasa ni rahisi kutunzwa kuliko enzi za karatasi. Watendaji wa vijiji wazibandike kwenye mbao za matangazo kila msimu, na wanakijiji wadai zisomwe, jina kwa jina, kwenye mkutano mkuu kabla ya ajenda nyingine yoyote.