Je, Kupenda Kunatosha?

Ndugu msomaji, hivi umewahi kumpenda kiumbe mpaka ukamuua? Usishtuke. Mimi yalinikuta, na tangu siku hiyo najiuliza: je, mtu akipenda, tayari amepata haki ya kufuga?

Kule Kunduchi maji yakitoka, matope ya mikokoni hujaa samaki wa ajabu. Ni wadogo, urefu wa kidole, macho yamewatoka juu ya kichwa kama chura. Hutembea topeni kwa mapezi yao ya kifuani, na wakishtuka huruka. Hupumua hewa kwa ngozi, mradi wasikauke. Wamezoea maji ya chumvichumvi, yale ya mto yanapokutana na ya bahari.

Nilikamata wawili nikawaleta nyumbani ndani ya ndoo. Nilikuwa na tangi la kioo. Nikatia lita 10 za maji ya bahari na lita 10 za maji ya bomba, niliyoyalaza kwenye ndoo ili dawa ipungue. Upande mmoja nikarundika mchanga na mawe wapate pa kupanda. Jioni naweka kalamu chini, nawatazama. Wakawa washikaji zangu kabisa.

Sasa sikia. Kwa joto la Dar, kila wiki maji yalipungua kama lita 2. Nikawahurumia: maskini, wamekumbuka bahari! Basi kila Jumapili nikawaongezea lita 2 za maji ya bahari. Wiki ya nane mmoja akagoma kula. Siku ya tatu nikamkuta amelala ubavu, amekwisha.

Kaka mmoja wa mtaani, aliyewahi kufuga samaki, aliniuliza jambo moja tu: "Mdogo wangu, maji yakipungua, chumvi yake inakwenda wapi?"

Nikanyamaza. Shuleni mimi na hesabu hatukupatana, lakini hii niliipiga. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Nilianza na gramu 350 katika lita 20, yaani gramu 17 na nusu kwa lita. Maji hupaa, chumvi hubaki. Kila Jumapili nikaongeza gramu 70. Baada ya wiki nane zikawa gramu 910, zaidi ya 45 kwa lita. Jamani! Nilikuwa nimewatengenezea maji makali kuliko bahari yenyewe. Kumbe ya kuongeza yalikuwa maji baridi, basi. Na uchafu wao uliooza humo bila mimi kubadilisha maji, huo ni kesi nyingine.

Wapo watakaosema, "Dogo, samaki tu huyo! Hata mikokoni angeliwa na korongo." Ni kweli. Lakini korongo hakumfungia mlango. Kule maji hujaa na kutoka mara mbili kwa siku. Samaki asipopapenda hapa huhamia pale, au huingia shimoni mwake topeni. Kwangu hakuwa na pa kwenda. Maji yakiharibika, mwenye kuyatengeneza ni mimi peke yangu. Kwa hiyo kutojua kwangu hakukuwa kosa dogo la mtu mwenye nia njema. Nilipaswa kujua kabla sijainua ile ndoo.

Na hapa siwazungumzii samaki tu. Nawafikiria mabinti wanaoletwa mjini kufanya kazi za ndani. Mama mwenye nyumba anasema, "Huyu nampenda kama mwanangu." Pengine hasemi uongo. Anampa chakula, anamnunulia kanga. Lakini je, amewahi kumuuliza anakosa nini? Na binti akitaka kurudi kwao, nauli anayo nani? Ukishamfungia mtu njia ya kutokea, kumhurumia hakutoshi. Unadaiwa kumjua.

Samaki wa pili bado yuko. Nimempunguzia chumvi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, nabadilisha sehemu ya maji kila wiki, na tangi nimelifunika ili hewa ya ndani isikauke. Anakula vizuri. Jana alipanda juu ya jiwe akanitazama, au labda alitazama tu kioo.

Kunduchi si mbali, ni daladala tu. Naweza kumrudisha kesho. Ila usiku nikilala najiuliza: nikimrudisha, nitakuwa namfanyia yeye wema, au nitakuwa nakimbia deni langu? Na nikibaki naye, je, ni kwa sababu sasa nimejifunza kumtunza, au ni kwa sababu jioni zangu zingekuwa kimya bila yeye?

Wewe msomaji mwenzangu ungefanyaje? Mimi ndoo nimeshaiosha, iko mlangoni. Bado sijaijaza maji.