Namba ya Mersenne na Ukweli Usiojulikana

Namba 147573952589676412927, yenye tarakimu 21, ni 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliiweka katika orodha yake ya namba tasa, yaani namba zinazozidi 1 ambazo hazigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Alikosea, na zaidi ya karne mbili zikapita kabla ya kosa hilo kuthibitishwa. Je, katika muda huo wote, namba hiyo ilikuwa na vigawo ambavyo hakuna binadamu aliyevijua?

Mwaka 1876 mwanahisabati Édouard Lucas aliipitisha namba hiyo katika jaribio ambalo kila namba tasa ya aina yake haina budi kulifaulu, nayo ikashindwa. Hivyo alithibitisha kwamba si tasa, ingawa hakuweza kutaja kigawo chake hata kimoja. Vigawo vyenyewe vilitajwa mwaka 1903 na Mmarekani Frank Nelson Cole, navyo ni 193707721 na 761838257287. Cha kwanza, kikigawanywa kwa 134, ambayo ni 67 mara mbili, hubakiza 1, na hata cha pili hubakiza 1 vilevile, kwa kuwa kanuni itokanayo na kazi ya Fermat hailegezi sharti hilo kwa kigawo chochote cha namba hiyo.

Miaka 27 iliyotenganisha uthibitisho wa Lucas na jibu la Cole ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu inaonyesha kuwa kujua kwamba kitu kipo si sawa na kukijua kitu chenyewe, tofauti ambayo Thomas Aquinas aliitumia alipozungumzia jinsi akili ya binadamu inavyomjua Mungu. Augustino, katika Mji wa Mungu, alishikilia kwamba Mungu anazijua namba zote, ingawa hazina mwisho. Anayekubali hoja hiyo hapati taabu: vigawo vilijulikana daima, ila si kwa binadamu.

L. E. J. Brouwer, Mholanzi aliyefundisha kwamba hisabati ni zao la akili inayoijenga, anaonekana kuwa mpinzani mkali wa msimamo huo, lakini kwa namba hii upinzani wake ni mdogo, kwani kugawanya kwa kila namba ndogo kuliko hiyo ni kazi yenye kikomo, hata kama ingechosha vizazi vingi. Ugomvi wa kweli uko kwingine. Haijulikani bado kama namba tasa za aina ya Mersenne, yaani zilizo 2 kwa kipeo fulani ukitoa 1, zina mwisho au hazina, wala hakuna hesabu yenye kikomo inayojulikana ambayo ingelimaliza swali hilo. Kwa Augustino jibu lipo tayari, ilhali kwa Brouwer, mpaka uthibitisho upatikane, hakuna haki ya kusema kwamba mojawapo ya majibu hayo mawili ni kweli.