Keki Zako za Jumamosi Ziko Wapi kwenye iTax?

Wewe unayepokea mshahara mwisho wa mwezi, halafu Jumamosi unaoka keki za harusi mpaka usiku wa manane, nakuuliza: mbona keki hizo huzitaji?

Juni ikifika unachukua fomu ya P9, ile ya mshahara na kodi uliyokatwa, kutoka kazini, unaingia iTax, tovuti ya kodi ya Kenya, unanakili tarakimu za mwajiri, unabonyeza, unalala. Jumamosi zako hukuzigusa. Eti ni kidogo. Eti ni pesa za chai.

Kidogo?

Umewahi kupiga hesabu? Hujawahi! Unaogopa kodi ya kitu ambacho hata ukubwa wake huujui.

Haya, tupige sasa hivi. Tuseme mwaka mzima umeuza keki za shilingi 180,000. Unga, siagi, sukari, gesi na maboksi vikala 110,000. Zimebaki 70,000. Mshahara wako ni 60,000 kwa mwezi, kwa hiyo tayari umefika daraja la asilimia 30, na faida hii inakaa juu yake. Kodi ni 21,000. Inatozwa faida, haitozwi mauzo yote. Ni 1,750 kwa mwezi, na pesa hizo unaweza kuziweka kando kila oda inapolipwa.

Inauma? Inauma, sikudanganyi.

Lakini sikia inayouma zaidi. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, haikubaliwi kupunguza kodi yako. Wewe dukani unapewa kikaratasi kitupu, unakikunja, unaondoka. Ukikosa ankara hizo zote, 180,000 nzima inageuka faida, na kodi inaruka mpaka 54,000. Umepoteza 33,000 kwa kuona haya kumwambia muuzaji, "Nipe ya eTIMS, PIN yangu ya kodi hii hapa."

Haya ya nini? Unga ni wako. Jasho ni lako. Dai karatasi yako!

Najua utakalosema. Huna muda? Unao muda wa kupamba keki ya ghorofa tatu, ua moja baada ya jingine. Unaogopa kujianika? Wateja wako wanalipa kwa M-Pesa, kila shilingi imeacha alama. Kodi zinaliwa na wakubwa? Hapo hasira yako ni ya haki, na mimi ninayo. Juni 2024 vijana walijaa barabarani mpaka Rais akakataa kutia saini Muswada wa Fedha. Kasirika. Piga kelele. Kisha jaza ritani yako, maana riba haijali umekasirika kiasi gani.

Na haingoji. Salio la kodi ya mwaka uliopita hulipwa kufikia 30 Aprili. Ritani yenyewe, mwisho 30 Juni. Ukichelewa kuiwasilisha, faini ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ipi iliyo kubwa. Deni likilala, asilimia 1 kila mwezi. Kwa nini ulipie uvivu?

Tena hujanijibu jambo moja. Unataka oveni kubwa, sivyo? Unataka msaidizi, unataka oda za hoteli, unataka siku moja umpelekee bosi barua ya kuacha kazi. Benki ikikuuliza biashara yako inaingiza nini, utaonyesha nini? Mdomo? Mwenye ritani za miaka mitatu zenye keki ndani anaweka karatasi mezani. Wewe unaweka hadithi.

Mikono yako ina biashara. Umeilaza chini ya kitanda na kuiita kibarua!

Iamshe.

Leo, si Juni ukiwa kwenye foleni ya saiba nyuma ya watu arobaini. Omba taarifa yako ya M-Pesa ya mwaka mzima. Nunua daftari. Upande huu kilichoingia, upande ule kilichotoka. Anza na keki ya Jumamosi iliyopita: uliuza bei gani, na siagi ilikula ngapi?