Je, Nyungunyungu Anatudai?

Ukiinama kwenye tuta la mchicha asubuhi baada ya mvua ya usiku, utaona vichuguu vidogo vya udongo mweusi, mithili ya tambi zilizorundikwa. Hicho ni kinyesi cha nyungunyungu. Hana meno, majani yaliyooza na udongo huvimeza pamoja, kisha firigisi yake, mfano wa ile ya kuku, husaga kwa msaada wa chembe za mchanga. Kinachotoka kina naitrojeni na fosforasi ambazo mizizi huzifyonza kwa wepesi kuliko zilizomo katika udongo wa jirani. Na kule alikopita huacha tundu, hewa ikaingia, maji yakazama badala ya kutuama. Mwenye bustani akishachuma mboga humsifu aliyemuuzia mbegu, akajisifu na mwenyewe kwa kupalilia na kumwagilia. Nyungunyungu hatajwi, isipokuwa na mvuvi anayetafuta chambo. Je, kiumbe asiyejua kwamba anatufaa anatudai shukrani?

Jibu la haraka ni hapana, na aliyelitetea kwa ustadi ni Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65. Katika vitabu vyake saba juu ya fadhila anashikilia kwamba fadhila haimo katika kitu kilichotolewa, imo katika nia ya mtoaji. Aliyekufaa pasipo kukusudia hakukufadhili. La sivyo tungekuwa na deni kwa wanyama, mito na miti. Msomaji Mwislamu, aliyelelewa katika fundisho kwamba amali hupimwa kwa nia, hawezi kuipuuza hoja hii. Lakini tazama yanayomkuta Seneca anapofika kwenye jua na mwezi. Kusema kwamba hatudaiwi chochote na jua, moyo wake unakataa. Basi analivika jua nia: anadai kwamba jua na mwezi vinatufaa kwa kutaka. Hapo ndipo ngalawa yake inapovuja. Alikutana na shukrani asiyoweza kuikana, akabuni nia ili kanuni yake isizame. Nionavyo mimi, kilichohitaji kurekebishwa ni kanuni. Nia humpimia mtendaji thawabu yake. Haimpimii mpokeaji deni lake. Hayo ni madaftari mawili, na Seneca ameyachanganya. Nyungunyungu huenda hana thawabu yoyote inayomngoja, ila mimi niliyekula mchicha nimekula.

Deni lenyewe si dogo. Mwaka 1842 Charles Darwin alimwaga vipande vya chokaa juu ya shamba la nyasi karibu na nyumbani kwake Down, Kent. Miaka 29 baadaye ulichimbwa mtaro, na chokaa ile ikakutwa kama mstari mweupe yapata sentimita 18 chini ya ardhi. Haikuwa imezama kwa uzito wake. Nyungunyungu walikuwa wameifukia kwa kutoa udongo chini na kuumwaga juu, kidogo kidogo, usiku baada ya usiku. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufariki, alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo hupita matumboni mwao kwa kila eka kila mwaka. Aliyembishia alisema viumbe hao ni wadogo na dhaifu mno kwa kazi kama hiyo. Kosa la mbishi, na ni kosa letu sote, lilikuwa kumtazama mmoja na kusahau kujumlisha. Hesabu ile ni ya Uingereza, si ya Tanga wala Kakamega. Kwetu mchwa naye ana sehemu yake kubwa. Hilo halipunguzi deni, linaongeza wadai.

Atakuja mwenye kuhofia shirki: kumshukuru mdudu si kumpokonya Muumba haki yake? Mbona tunamshukuru mkunga, na hakuna aliyedhani kwamba ameumba mtoto? Mtume aliwafundisha Waislamu kwamba asiyeshukuru watu hajamshukuru Mungu. Fundisho hilo linahusu watu, nakubali, na kulivuta hadi kwa nyungunyungu ni juu yangu mwenyewe. Lakini Kurani ina sura zilizopewa majina ya nyuki, sisimizi na buibui, na sidhani kwamba udogo wa kiumbe ni sababu ya kumpita bila kumtazama.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka Amerika. Sehemu kubwa ya misitu ya kaskazini ya bara lile, iliyofunikwa na barafu enzi za kale, haikuwa na nyungunyungu. Walifika kutoka Ulaya ndani ya udongo wa miche, na wengine wakatupwa msituni na wavuvi waliobakiwa na chambo. Huko wanakula tabaka la majani makavu ambalo miche ya msitu inalitegemea, na msitu unaumia. Tumshukuru mharibifu? Mvua inayoshangiliwa Dodoma inaweza kuzamisha mashamba Rufiji, na kwa sababu hiyo hakuna anayemnyamazisha mtu wa Dodoma. Shukrani si cheti cha tabia njema kinachotumika duniani kote. Ni kukiri kilichonifikia mimi, hapa nilipo.

Kukiri huko hakuhitaji maneno. Nyungunyungu hana masikio. Kunahitaji maganda ya ndizi na viazi yafukiwe, matandazo yawekwe juu ya tuta ili jua lisimkaushe anayepumua kwa ngozi, na jembe lisichimbe pasipo na haja. Utaniambia hiyo ni biashara tu: namlisha ili anilishe. Kwenye tuta, sawa. Basi twende uwanjani, mahali pasipolimwa, ambako kila alfajiri ufagio wa chelewa huacha ardhi uchi na majani ya mwembe hukusanywa pembeni yakatiwa kiberiti. Pale hatuvuni kitu, na tunachoma chakula chake kwa sababu tu tumezoea kuona uwanja mtupu ndio uwanja safi. Majivu yanayobaki yana potasiamu. Naitrojeni karibu yote imekwenda na moshi.