Je, Kunguru Naye ni wa Bwana?

Mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na anga ikiwa safi, sisi wa jumuiya yetu hapa Mji Mkongwe tulikwenda shamba kulala usiku mmoja kwenye mahema. Tulipiga kambi katika kiunga cha mwenzetu karibu na Pete, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Nia yetu ilikuwa sala, mapumziko na kutazama ndege. Tulikuwa na darubini mbili za kuazima, na watoto walikuwa wameahidiwa kumwona shorobo, yule ndege wa kijani ambaye mbawa zake huwaka nyekundu anaporuka.

Shorobo tulimsikia tu. Waliotujia asubuhi ni kunguru. Walikuwa juu ya ukoko wa pilau tuliouacha sufuriani, na juu ya mifuko ya taka tuliyosahau kuifunga. Kijana wetu mmoja akachukua manati, akalenga, na kunguru mmoja akaanguka akipapatika. Tukashangilia. Ndipo mtoto mmoja, aliyekuwa amesikia somo la sala ya asubuhi kutoka Luka sura ya 12, akauliza: "Si huyu ndiye aliyesema Bwana kuwa Mungu anamlisha?"

Hatukuwa na jibu. Insha hii ni jaribio letu la kumjibu.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu kunguru. Huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa Unguja. Aliletwa kutoka India katika miaka ya 1890, enzi za utawala wa Waingereza, ili ale taka za mji. Akazila, akazaana, na kufikia mwaka 1917 alikwisha kutangazwa kuwa mharibifu. Leo yuko Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na ndugu zetu wa bara wanamwita kunguru wa Zanzibar, kana kwamba sisi ndio tuliomzaa. Anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na vifaranga vya kuku. Mama mmoja wa jumuiya yetu amepoteza vifaranga wengi kwake, na alipoona machozi ya yule mtoto alisema, "Mwanangu, huruma yako ni nzuri, lakini ninayelisha wajukuu kwa kuku hao ni mimi."

Neno lake lina uzito. Kumpenda kunguru huku tukiwasahau chozi na shore wanaonyang'anywa makinda, au bibi anayenyang'anywa riziki, si huruma kamili. Mungu wa kunguru ni Mungu wa ndege wadogo pia.

Lakini mtoto naye ana haki. Katika Walawi sura ya 11 kunguru amehesabiwa miongoni mwa ndege najisi, na bado Bwana wetu alipotaka mfano wa malezi ya Baba alimchagua yeye. Nabii Eliya aliletewa chakula na kunguru penye kijito cha Kerithi. Hata majirani zetu Waislamu wanasimulia jinsi kunguru alivyomfundisha Kabili kumzika nduguye. Kiumbe asiyependeza kwetu hajatupwa na Mungu.

Je, basi, ni dhambi kumuua? Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inatusaidia. Mtu akikuta kiota, anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama yao amwache aende. Sheria hiyo haikatazi mkono wa mwanadamu, ila inauwekea mpaka. Tunaelewa hivi: kuwapunguza kunguru kwaweza kuwa wajibu, kwa ajili ya viumbe wengine na maskini. Kushangilia kifo chao hakuwezi kuwa wajibu kamwe. Kosa letu asubuhi ile lilikuwa furaha yetu.

Na lipo kosa la pili, kubwa zaidi. Katika miaka ya 1990 kunguru waliuawa kwa sumu kwa wingi hapa kisiwani. Wakapungua sana, kazi ilipolegea, wakarudi. Walirudi kwa sababu meza ilikuwa bado imeandaliwa: majalala ya mitaani, utumbo wa samaki, makombo ya karamu zetu, na za kanisa zikiwemo. Watu walimleta kunguru awafichie uchafu wao, kisha wakamchukia kwa kuutangaza. Huo si ugeni kwetu. Mara ngapi tumemtwika mwingine aibu yetu, halafu tukamrushia mawe? Kunguru hana dhambi ya kutubu. Sisi tunayo.

Kabla ya kung'oa mahema, kijana yule alichimba shimo chini ya mwembe, akamzika kunguru, na sisi tukaokota taka zetu zote, mpaka punje za wali. Kunguru wengine walikaa juu wakitutazama. Walipoona hakuna kitu, waliruka mmoja mmoja wakaondoka. Kiunga kikanyamaza, na baada ya kitambo, upande wa msitu, shorobo akalia tena.