Wazo la Leo: Kamera Isimcheleweshe Mwindaji

Katika majimbo ya Marekani kama Arizona na Utah, vibali vinavyotafutwa sana vya kuwinda kwa upinde elki dume (mnyama wa jamii ya kulungu) hupatikana kwa bahati nasibu, na wapo wanaovisubiri zaidi ya miaka 10. Si ajabu wakitaka kurekodi msako huo. Wanaosema kamera huharibu uwindaji wanasahau faida yake: video ikirudiwa polepole huonyesha kama mshale umeingia mbavuni au tumboni, na hapo mwindaji hujua kama afuate damu mapema au asubiri saa kadhaa. Kinachomtesa mnyama si kamera yenyewe, bali ni mwindaji kumngoja mpigapicha hadi elki ageuke, kisha kupiga vibaya. Wawili hao wafanye mazoezi pamoja kabla ya msimu kuanza, wakubaliane: elki akionyesha ubavu, piga, picha ipatikane isipatikane.