Mzima na Mgonjwa Katika Chama Kimoja

Ndege inapopita juu ya vijiji vyetu, tunamwaza rubani kuwa mtu asiye na shida. Amevaa vizuri, anapata mshahara mkubwa, chombo kizima kinamtii. Nani angefikiri kwamba naye anakaa mezani usiku pamoja na mke wake, wakihesabu gharama za mganga? Lakini ndivyo ilivyo kwa marubani wengi wa Marekani, na shida yao ina fundisho kwetu pia. Tuitazame taratibu.

Kwanza, tujue namna kazi yao ilivyo. Seremala akiwa na ugonjwa wa moyo, pengine ataendelea kupiga randa polepole. Rubani sivyo. Kwa sheria ya Marekani, rubani mkuu wa ndege ya abiria sharti apimwe na mganga kila miezi 12, na akiisha kutimiza miaka 40, kila miezi 6. Akikosa cheti cha afya, haruki. Akitimiza miaka 65, anaacha kurusha ndege za abiria za makampuni hayo, hata kama nguvu zake zingalipo. Basi mwili wake ndio shamba lake.

Pili, tujue namna ya kulipa mganga katika nchi ile. Serikali haimpi kila mtu bima ya afya. Bima ya wazee, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1965, kwa kawaida inaanza mtu anapofika miaka 65. Wafanyakazi wengi wanapata bima kwa bwana wao wa kazi. Desturi hii ilipata nguvu wakati wa vita kuu ya pili. Mwaka wa 1942 serikali ilizuia mishahara isipande ovyo. Wenye viwanda, kwa kuwa walitafuta watu, wakaanza kuwavuta kwa kuwapa bima. Tangu hapo ugonjwa wa mfanyakazi umekuwa neno la kuzungumzwa kati ya bwana wa kazi na chama cha wafanyakazi, yaani kile tunachokiita sindika.

Marubani wa makampuni mengi ya Marekani wamo katika chama kiitwacho ALPA, kilichoanzishwa mwaka 1931. Sheria inayowaongoza ilitungwa mwaka 1926 kwa ajili ya njia za reli, na mwaka 1936 ikaenezwa kwa ndege. Kwa sheria hii, mapatano hayafi siku muda wake unapotimia; yanaendelea kushika mpaka mapya yapatikane. Pande mbili zisiposikizana, wapatanishi wa serikali wanaingia kati, na marubani hawawezi kugoma mpaka wapatanishi wawaachilie na siku 30 zipite. Ndiyo maana mazungumzo yaweza kuchukua miaka. Yakiisha, watu wanataja mshahara tu. Mwaka wa 2023 marubani wa kampuni ya Delta walikubali nyongeza ya zaidi ya 30 kwa mia katika miaka 4, na habari ikaenea mbali. Lakini mapatano ya namna hiyo yana kurasa za bima vilevile, na hizo hazisomwi na wengi.

Sasa tufike kwenye swali letu. Tuseme kampuni inatoa bima mbili, na kila mwaka rubani anachagua moja. Katika ile ya kwanza anakatwa fedha nyingi kila mwezi, lakini akiugua analipa kidogo. Katika ya pili anakatwa kidogo, lakini akiugua analipa mwenyewe gharama za kwanza mpaka kiasi kilichowekwa, ndipo bima inaanza kusaidia. Rubani mmoja ana miaka 30, hana ugonjwa, na bado analipa deni la masomo ya kuruka. Mwenzake ana miaka 58, na mke wake ana ugonjwa wa sukari. Yule kijana anachagua ya pili. Je, amekosa?

Sisi tunajibu: hajakosa. Baba wa nyumba hulinda mali ya watoto wake, na mlango ule umefunguliwa kwa wote. Lakini tusiishie hapo. Kama wazima wote wakitoka katika bima ya kwanza, nani watabaki? Wagonjwa na wazee. Gharama zao zitagawanywa kwa watu wachache, malipo yatapanda, na wale wenye afya kidogo nao watatoka. Hivyo kikapu kinazidi kuwa kizito, na mikono inayokibeba inazidi kupungua, mpaka siku moja kianguke. Hakuna aliyeiba, hata hivyo mgonjwa ameachwa peke yake.

Kwa hiyo tunapambanua mambo mawili. Akichagua bima yake, rubani anafanya kazi ya baba wa nyumba. Lakini chama kinapouliza wanachama, «Tudai mshahara uongezwe zaidi, au tuilinde bima ya kwanza?», hapo hachagui tena kwa ajili ya nyumba yake peke yake. Anaweka sheria itakayomshika na jirani. Akipiga kura kwa kutazama afya yake ya leo tu, anakitumia chama kama soko, na chama si soko. Watu waliungana kwa sababu mmoja peke yake hawezi kusimama mbele ya kampuni. Itakuwaje waungane mbele ya kampuni, halafu watengane mbele ya ugonjwa?

Wazee nao wana wajibu wao. Haifai kumtwika kijana mzigo mpaka ashindwe kulipa deni lake, wala kumficha hesabu. Wamwonyeshe wazi: hiki unatoa, hiki utapata. Naye kijana akumbuke methali: hujafa hujaumbika. Kupimwa mara moja kunaweza kumgeuza mgonjwa kwa siku moja.

Tena liko jambo linalotugusa sisi abiria. Rubani anayeogopa kwamba ugonjwa utamnyang'anya cheti na mkate anajaribiwa kunyamaza asimwone mganga. Mapatano yanayomtunza mgonjwa yanampunguzia jaribu hilo. Hivyo bima njema inawalinda hata watu wasiojua jina lake.

Msiseme, wasomaji, kwamba haya ni mambo ya matajiri wa mbali. Mwaka wa 1986, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire, hospitali ya Bwamanda ilianzisha bima kwa watu wa vijiji vyake. Waliandika jamaa nzima pamoja, si mtu mmoja mmoja. Kwa nini? Kwa sababu mtu angemwandikisha mama mwenye mimba na mtoto dhaifu tu, na kuwaacha wazima nje. Ni kikapu kilekile, na hatari ni ileile.

Basi, katika mituelle, katika sindika, hata katika mchango wa mtaa, kabla ya kuinua mkono kukubali au kukataa, tumtafute kwa macho yule aliye dhaifu kati yetu, tujiulize kura yetu itamfanyia nini. Leo ni yeye, kesho ni sisi.